Fukara, Maskini, Kaya: Historia ya Istilahi za Kupima Umaskini wa Wakulima

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi umaskini wa wakulima ulivyopimwa nchini mwetu kwa nyakati mbalimbali, na maneno yaliyotumiwa katika kila kipimo. Wasomaji wetu wengi ni wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ambao kila mara hukutana na maneno kama vile kaya, kipato, matumizi, mahitaji ya msingi na mstari wa umaskini. Maneno haya huonekana mepesi kwa sababu yamekwisha kuzoeleka. Lakini tukiyafuata mpaka yalikotoka, tutaona kwamba kila moja lilikuja pamoja na kipimo chake, na kwamba mahali ambapo mpimaji na mkulima hawakuelewana juu ya neno, hesabu nayo iliharibika.

Haja ya jambo hili haiwahusu wanaisimu peke yao. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa katika umaskini wa mahitaji ya msingi. Watu hao hao, kwa takwimu za utafiti huo huo, walipopimwa kwa kipimo cha Benki ya Dunia cha wakati ule, yaani dola 1.90 kwa siku, maskini walifika takriban asilimia 49. Hapana aliyekosea kujumlisha. Kilichotofautiana ni maana ya neno maskini. Na kwa kuwa neno hilo ndilo linaloamua nani asaidiwe na nani aachwe, hapana budi sisi tunaoshughulika na istilahi tulitazame kwa makini.

1. Kipimo cha zaka

Neno fukara na neno maskini yote mawili yana asili ya Kiarabu, na katika pwani yetu yamefungamana tangu zamani na sheria ya zaka. Aya ya 60 ya Sura ya Tawba inataja makundi manane ya wanaostahili kupewa zaka. Makundi mawili ya kwanza ni mafukara na maskini. Kwa kuwa yametajwa mbalimbali, wanavyuoni walilazimika kueleza tofauti yake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, fukara ndiye mwenye hali mbaya zaidi. Mfano unaotolewa na wanavyuoni hao ni wa mtu mwenye haja ya kumi. Akipata mbili au tatu, huyo ni fukara. Akipata saba au nane, huyo ni maskini. Anacho kitu, lakini hakimtoshi. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi walishika kinyume chake, wakasema kwamba maskini ndiye aliye chini.

Tunaona hapa mambo mawili yanayotuhusu. Kwanza, kipimo hiki huanza na haja za mtu, kisha huangalia anachokipata kinafikia sehemu gani ya haja hizo. Pili, kina daraja mbili, na kila daraja ina jina lake. Takwimu za siku hizi nazo zina daraja mbili, kama tutakavyoeleza, ila majina yake ni marefu na hayana uhai uliomo katika maneno fukara na maskini.

Mkulima alihusika pia kwa upande wa utoaji. Mazao yaliyoota kwa mvua yalitolewa sehemu moja ya kumi, na yaliyomwagiliwa kwa kazi na gharama yalitolewa sehemu moja ya ishirini. Mtu ambaye mavuno yake hayakufikia kima kilichowekwa hakutozwa. Kutokana na sehemu hiyo ya kumi, ambayo kwa Kiarabu ni ushr, ndipo tulipopata neno ushuru. Basi ushuru katika asili yake ulimpima mkulima kwa mavuno yake na kwa jasho lake. Neno lenyewe limebaki, lakini maana hiyo imesahauliwa, kwa kuwa leo ushuru hutozwa hata sokoni na bandarini.

2. Kipimo cha kodi

Serikali ya Wajerumani ilipoweka kodi ya nyumba mwaka 1897, kipimo kilibadilika kabisa. Kodi hii haikuuliza mwenye nyumba ana nini ghalani. Iliuliza ana nyumba ngapi. Kwa watu wa mashamba kima kilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Aliyevuna magunia mengi na ambaye shamba lake liliungua kwa jua walitozwa sawasawa, maadamu kila mmoja alikuwa na paa lake. Katika sehemu nyingi za Afrika zilizotozwa kodi ya namna hii, watu walijibana katika nyumba chache ili kuipunguza. Hivyo kipimo kikabadilisha kile kilichokuwa kikipimwa.

Waingereza nao walipotunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa mwaka 1922, waliendelea na fikira hiyo hiyo. Mwanamume mwenye wake kadhaa alitozwa pia kwa ajili ya nyumba za wake zake. Kwa mtoza kodi, nyumba ilikuwa ni paa linalohesabika. Kwa mwanakijiji, nyumba ilikuwa ni mama na watoto wake, na shamba linalowalisha. Neno moja lilibeba maana mbili, na katika ofisi ya wilaya iliyosikilizwa ilikuwa moja tu.

Jaribio la kupima mali ya kila mkulima lilifanywa Upare katika miaka ya vita vya pili vya dunia, na habari zake zilielezwa na Isaria Kimambo katika kitabu chake juu ya mbiru kilichotolewa mwaka 1971. Serikali ilitaka kodi iliyopangwa kwa madaraja, mwenye zaidi alipe zaidi. Kwa fikira za haki, mpango huo ulikuwa afadhali kuliko kodi ya kichwa. Lakini ili kodi iende, ilibidi mali ya kila mlipaji ikadiriwe, na watu hawakuelewa makadirio hayo yalifanywa kwa kanuni gani. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka wakakusanyika Same kupinga, na hatimaye serikali iliiacha kodi hiyo.

Jambo linalotuhusu sana sisi ni jina. Kodi hiyo iliitwa mbiru, ambalo lilikuwa jina la ushuru wa jadi waliokuwa wakipewa watawala wa Upare. Kitu kigeni kilivikwa jina la wenyeji ili kipokelewe. Hakikupokelewa, kwa sababu wenye neno walijua mbiru ni nini, na hii haikuwa hiyo. Mtungaji wa istilahi anayeokota neno la jadi na kulipachika juu ya kipimo kipya angefaa akumbuke safari ile ya Same.

Baada ya uhuru kodi ya kichwa iliondolewa, lakini katika miaka ya themanini ilikuja kodi ya maendeleo, ambayo nayo ilimhesabu mtu mzima bila kutazama hali yake. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003.

3. Kipimo cha chakula

Wazo la kuweka mstari na kumwita maskini kila aliye chini yake lilitoka mjini, mbali na mashamba yetu. Mwaka 1899 Seebohm Rowntree alichunguza familia za wafanyakazi katika mji wa York, Uingereza, akatoa matokeo yake mwaka 1901. Alikadiria chakula kinachohitajiwa ili mwili ubaki na nguvu, akaongeza kodi ya nyumba, nguo na kuni za moto, kisha akaona ni mshahara gani wa juma unaotosha. Kwa familia ya baba, mama na watoto watatu alipata shilingi 21 na peni 8. Tukumbuke kwamba aliowapima walikuwa watu wa mshahara. Walinunua kila walichokula.

Kwetu neno umaskini lilikuwa na nafasi kubwa katika siasa kabla ya kuwa na nafasi katika takwimu. Umaskini, ujinga na maradhi walitajwa kuwa maadui watatu wa taifa tangu uhuru ulipopatikana. Tafiti za mapato na matumizi ya kaya zilifanyika mwaka 1969 na mwaka 1976/77. Mwaka 1976 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliweka mbele fikira ya mahitaji ya msingi, na mwaka 1982 shirika hilo lilitoa taarifa juu ya Tanzania iliyoeleza kwamba mahitaji hayo yamo hatarini. Hivyo msamiati wa mahitaji ya msingi ukapata nguvu katika lugha ya mipango. Ilipofika miaka ya tisini, takwimu za utafiti wa mwaka 1991/92 zilitumika kuweka mstari, na asilimia 38.6 ya watu wa Tanzania Bara wakaonekana kuwa chini yake.

Mstari huo hutengenezwa hivi. Kwanza hukadiriwa gharama ya chakula kitakachompa mtu mzima kalori 2,200 kwa siku, kwa kufuata vyakula ambavyo watu wa hali ya chini hula hasa. Aliye chini ya gharama hiyo ana umaskini wa chakula. Kisha huongezwa sehemu ya mahitaji mengine, na aliye chini ya jumla hiyo ana umaskini wa mahitaji ya msingi. Mwaka 2017/18 mstari wa kwanza ulikuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi, na wa pili shilingi 49,320. Waliokuwa chini ya mstari wa kwanza walikuwa asilimia 8.0. Hizo ndizo daraja mbili tulizozitaja, na msomaji ataona zinavyokaribiana na fukara na maskini wa vitabu vya fikihi.

Tatizo la wakulima limo katika neno matumizi. Katika takwimu, matumizi ni kila kitu ambacho watu wa kaya wamekula au kutumia, ama kimenunuliwa, ama kimetoka shambani, ama wamepewa na ndugu. Katika mazungumzo ya kijijini, matumizi ni fedha inayotoka mkononi. Mwenye nyumba husema ameacha matumizi, yaani ameacha fedha. Basi mkulima akiulizwa matumizi yake ya mwezi, atataja chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya taa na ada ya kusaga. Mahindi yaliyotoka katika kihenge chake hatayataja, wala mchicha, wala maziwa ya mbuzi. Ndiyo sababu dodoso nzuri huuliza mambo hayo mbali mbali, na wanakaya huandikiwa katika daftari kila wanachokula siku hata siku. Katika utafiti wa mwaka 2000/01, uliofikia kaya 22,178, daftari hilo liliandikwa kwa muda wa mwezi mmoja. Kwa kweli hapa ule msemo wa wahenga, mali bila daftari hupotea bila habari, una maana ya waziwazi.

Kuna na suala la vipimo. Mkulima hupima kwa kibaba, pishi, debe na gunia. Pishi ni vibaba vinne, na hilo hujulikana. Lakini gunia la lumbesa si gunia la kawaida, na debe lililosawazishwa kwa mkono si debe lililorundikwa. Mtafsiri anayeandika gunia bila kueleza ni gunia gani ameacha katika dodoso tundu ambalo chakula cha wiki nyingi kinaweza kupotelea.

4. Kaya ni nini?

Neno kaya limeenea sana katika Kiswahili cha Tanzania kwa njia ya sensa na takwimu. Katika Kisukuma, Kinyamwezi na Kigogo neno hilo ni la tangu zamani. Kwa Wagogo, kaya ni mji wa mtu pamoja na zizi lake na watu wake wote, na ndani yake zimo nyumba, kila mke na nyumba yake. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni maskani ya kale ya wahenga yenye msitu mtakatifu, na baadhi ya kaya hizo ziliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Wataalamu wa takwimu walilichukua neno hili wakalipa maana finyu: mtu mmoja, au watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Kwa ufupi, kaya ya takwimu ni chungu kimoja.

Kwa hiyo mzee wa Kigogo mwenye wake watatu ana kaya moja kwa lugha yake, na pengine ana kaya tatu kwa lugha ya takwimu, ikiwa kila mke ana chungu chake. Ng'ombe waliomo zizini wataandikwa katika kaya gani kati ya hizo tatu? Wakiandikwa kwa mke mkubwa, kaya mbili zitaonekana fukara. Wakigawanywa, zote tatu zitaonekana za wastani. Hali kadhalika, kijana aliyejenga kibanda karibu na wazazi wake, ambaye hula kwa mama yake lakini analima shamba lake, anaweza kuhesabiwa huku au kule kwa kufuata jinsi swali lilivyoulizwa.

Jambo hili limejaribiwa katika nchi nyingine ya wakulima, nayo ni Mali. Watafiti Lori Beaman na Andrew Dillon waligawa maelezo manne tofauti ya neno kaya kwa kura, wakatoa matokeo yao mwaka 2012. Waliona kwamba kuongeza maneno katika maelezo hayo kuliongeza idadi ya watu wa kaya na kubadilisha ni akina nani wanaohesabiwa. Maelezo yaliyosisitiza kula pamoja au kulima pamoja yaliongeza pia mali iliyoandikwa. Kilichobadilishwa pale kilikuwa maneno ya swali, yaani kazi ambayo katika ofisi zetu hukabidhiwa mfasiri.

Tena kaya haikai kama jiwe. Katika Mkoa wa Kagera kaya zaidi ya 900 zilizochunguzwa kati ya mwaka 1991 na 1994 zilitafutwa tena mwaka 2004. Watu waliokuwa katika kaya hizo walikutwa wametawanyika katika kaya zaidi ya 2,700. Wengine walioa au kuolewa, wengine walihamia mjini au mkoa mwingine. Waliohama walikutwa wameinua matumizi yao kuliko waliobaki, kwa tofauti ya asilimia 36 za mwanzo. Swali likawa: umaskini wa kaya ile ya mwaka 1991 umepungua au haukupungua, na kaya ile iko wapi? Hili si swali la hesabu mpaka kwanza liwe limejibiwa kama swali la maana.

5. Mtu mzima ni nani?

Tumesema mstari wa umaskini huhesabiwa kwa mtu mzima. Katika kaya wamo watoto na wazee pia, kwa hiyo kila mmoja hupewa uzito kwa kadiri ya chakula anachohitaji. Katika jedwali lililotumika katika tafiti za kwetu, mwanamume mwenye umri kati ya miaka 19 na 59 ni 1.00, mwanamke wa umri huo ni 0.88, na mtoto asiyezidi miaka miwili ni 0.40.

Hatusemi kwamba jedwali hilo halina msingi, kwani linatokana na elimu ya lishe na ukubwa wa mwili. Lakini tutazame neno lenyewe. Katika Kiswahili, mama ni mtu mzima kamili. Kijijini ndiye mara nyingi ashikaye jembe alfajiri, atekaye maji, na asongaye ugali jioni. Taarifa ikiandika kuwa matumizi ni kiasi fulani kwa mtu mzima, msomaji wa kawaida ataelewa kwamba kila mtu mzima amehesabiwa sawa, na haitakuwa hivyo. Istilahi inayofaa ingeonyesha kwamba hicho ni kizio cha hesabu, wala si binadamu. Tungependekeza kizio cha mtu mzima.

6. Kiwango, mstari na kina

Neno linalotatiza kuliko yote ni kiwango cha umaskini. Katika maandishi ya serikali na ya magazeti hutumika kwa maana mbili. Mara ni ile shilingi 49,320 inayotenga maskini na asiye maskini; mara ni ile asilimia 26.4 ya watu walio chini yake. Hebu tufikiri juu ya sentensi hii: Serikali imepandisha kiwango cha umaskini. Je, serikali imeongeza kima cha fedha kinachotumika kupimia, au imeongeza idadi ya maskini? Habari ya kwanza ni ya wataalamu. Ya pili ni shtaka.

Wala si jambo la kubuni tu kwamba vipimo hivi hubadilika. Asilimia ya maskini ya mwaka 2007 ilitangazwa kwanza kuwa 33.6, ilipokokotolewa tena kwa utaratibu mpya ili ilinganishwe na ya mwaka 2011/12, ikawa 34.4. Mstari wa Benki ya Dunia nao ulianza na dola 1 mwaka 1990, ukawa dola 1.25 mwaka 2008, dola 1.90 mwaka 2015, dola 2.15 mwaka 2022, na dola 3.00 mwezi wa Juni 2025. Kila mara bei za msingi zimefanyiwa marekebisho, kwa hiyo kupanda kwa mstari hakuna maana kwamba watu wamefukarika usiku mmoja. Mtafsiri asiyetenga mstari na kiwango humpa msomaji habari ya uwongo ingawa kila tarakimu ni sahihi.

Zaidi ya hayo, kuhesabu watu walio chini ya mstari hakuelezi wako chini kiasi gani. Amartya Sen alilalamikia upungufu huo mwaka 1976, na mwaka 1984 Foster, Greer na Thorbecke wakatoa kanuni ambayo hutumika sana. Kanuni hiyo hutoa mambo matatu: wingi wa maskini, umbali wao kutoka mstarini, na jinsi umbali huo unavyowaelemea zaidi walio chini kabisa. Maneno tunayoweza kuyatumia tunayo: kiwango, kina, na ukali. Kwa mkulima, kina ndicho chenye maana kubwa. Anayepungukiwa debe moja kabla ya mavuno na anayepungukiwa miezi minne wote huandikwa maskini, lakini wa kwanza ataazima na wa pili atauza shamba.

7. Kipimo cha mkulima mwenyewe

Wahenga walisema, maskini na mwanawe, tajiri na mali yake. Katika msemo huo, mpaka kati ya watu wawili ni mali, yaani kitu kinachobaki baada ya chakula kuliwa. Mwaka 2021 Dan Brockington na Christine Noe walihariri kitabu cha watafiti waliorudi katika vijiji vya Tanzania vilivyokuwa vimechunguzwa miaka mingi nyuma. Katika vijiji vingi walikuta watu wakipima maendeleo yao kwa ardhi, mifugo, nyumba ya matofali na bati, na kusomesha watoto. Kwa kipimo hicho wengi walikuwa wamesonga mbele kuliko mstari wa umaskini ulivyoonyesha.

Sababu yake si ngumu. Kipimo cha matumizi hakihesabu fedha iliyotumika kununua ng'ombe, ekari ya shamba au mabati. Kaya inayojibana ili iezeke nyumba hula kidogo kwa muda huo, na mpimaji akiikuta wakati huo huiona maskini. Hata hivyo tusiegemee upande mmoja. Mali za kijiji zinaweza kuongezeka hali wajane na wasio na ardhi wamebaki pale pale, na nyumba ya bati haishibishi mtoto mwezi wa Februari. Kila kipimo huona jambo ambalo kingine hakilioni.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza mwaka 2012 chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulijaribu kuvikutanisha vipimo hivi viwili. Wanakijiji walitaja katika mkutano kaya wanazoziona kuwa maskini sana, kisha majibu ya kila kaya juu ya mali na hali yake yakakokotolewa kwa kompyuta. Hapo neno lilikuwa na thamani ya fedha. Mkutano ulipoulizwa kaya maskini, watu walifikiria bibi kizee asiye na mtu. Kompyuta ilitafuta watu wengi, paa la nyasi na upungufu wa vyombo. Mara nyingine wote wawili walimwona mtu yule yule. Pale walipotofautiana, aliyeachwa hakuwa na njia rahisi ya kujua kwamba kilichomwacha ni tofauti ya maana.

8. Mapendekezo

Kutokana na historia hii tunatoa mapendekezo yafuatayo:

(a) Mstari wa umaskini litumike kwa kima cha fedha peke yake. Kiwango cha umaskini litumike kwa asilimia ya watu. Kina cha umaskini na ukali wa umaskini yatumike kama tulivyoeleza.

(b) Ufukara litumike kwa hali ya kukosa hata chakula cha kutosha, na umaskini kwa hali ya kupungukiwa mahitaji ya msingi. Majina rasmi ya takwimu yanaweza kubaki, lakini mwalimu na mwandishi wana maneno mafupi ambayo watu wanayajua.

(c) Neno kaya linapotumika katika dodoso au tangazo, lielezwe hapo hapo. Anayeuliza atamke kama anataka watu wa chungu kimoja, watu wa shamba moja au watu wa mji mmoja.

(d) Neno matumizi lisisimame peke yake mbele ya mkulima. Aulizwe kwanza chakula kilichotoka shambani mwake, halafu kilichonunuliwa, halafu alichopewa.

(e) Kabla istilahi haijapitishwa kwa kazi za vijijini, isomwe kwa wakulima wa sehemu mbalimbali, nao waeleze walivyoielewa kwa maneno yao wenyewe.

Pendekezo hili la mwisho huenda likaonekana la gharama na la kuchelewesha kazi. Lakini Upare watu waliteremka mlimani kwa maelfu wakasema kwamba mbiru ile si mbiru wanayoijua. Bibi aliyeachwa nje ya orodha hana maelfu ya watu wa kuteremka naye. Anategemea kwamba aliyeandika swali, na aliyelitafsiri, walijua lingesikika vipi mlangoni pake.